Mashine ya Kupunguza Unyevu Si Kiyoyozi

Wakazi wa Kunduchi, Manispaa ya Kinondoni, wanaoishi kando ya Bahari ya Hindi, hukabiliwa na joto lenye unyevunyevu hasa kati ya Desemba na Machi. Katika hali hiyo jasho huchelewa kukauka, mwili hupoa kwa shida, na kuvu huota ukutani na kwenye nguo kabatini. Kuvu huweza kuchochea pumu, hususan kwa watoto.

Mashine ya kupunguza unyevu huvuta hewa ya chumbani na kuipitisha kwenye mabomba ya baridi. Mvuke hugeuka maji na kudondokea kwenye tangi. Ifahamike kuwa mashine hiyo haipozi chumba, bali huongeza joto kidogo; nafuu huongezeka feni ikiwashwa.

Inapofanya kazi, milango na madirisha yafungwe, kwani hewa ya bahari ikiingia, uniti za LUKU huteketea bure. Unyevu wa asilimia 50 hadi 60 unatosha. Maji ya tangi yasinywewe.

Kabla ya kununua, mwananchi anashauriwa kuziba paa na mabomba yanayovuja, na kuanika nguo nje, ili asilipie umeme kukausha maji anayoweza kuyazuia.