SOMO LA REDIO: HILDA NA MCHUNGA NG'OMBE

Leo tutajifunza habari za mwanamke mmoja wa Uingereza, jina lake Hilda. Aliishi zaidi ya miaka 1,300 iliyopita. Wakatoliki humwita mtakatifu.

Hilda alizaliwa mwaka 614 katika ukoo wa wafalme wa Northumbria, nchi iliyokuwa upande wa kaskazini. Baba yake aliuawa kwa sumu, Hilda angali mdogo. Mwaka 627 alibatizwa pamoja na Mfalme Edwin. Alipokuwa na umri wa miaka 33 aliazimia kuwa mtawa.

Mwaka 657 alianzisha nyumba ya watawa mahali paitwapo sasa Whitby, juu ya jabali kando ya bahari. Wanaume na wanawake walikuwa chini ya uongozi wake. Hapakuwa na tajiri wala maskini, maana mali ilikuwa ya wote. Hilda aliwahimiza kusoma Maandiko. Watano katika wanaume wale walipata kuwa maaskofu. Hata wafalme walimwendea kumwomba shauri. Wote waliomjua walimwita Mama.

Palikuwa na mchunga ng'ombe, jina lake Caedmon, mtu mwenye umri mkubwa. Katika karamu watu walipokezana kinubi, na kila mtu aliimba kwa zamu. Caedmon alipoona kinubi kinamkaribia, aliondoka, kwa kuwa hakujua kuimba. Usiku mmoja alitoka hivyo, akaenda kulala zizini. Akaota mtu anamwambia aimbe habari za Muumba. Akaimba. Alipoamka alikumbuka maneno yote. Asubuhi akamweleza msimamizi wake, naye akampeleka kwa Hilda.

Je, Hilda alifanya nini? Hakumcheka, wala hakumfukuza. Aliwaita watu wenye elimu wamsikilize. Wakamsimulia habari ya dini, wakamwambia aifanye wimbo. Kesho yake alirudi nayo, imekwisha kuwa wimbo mzuri. Ndipo Hilda akamkaribisha awe mtawa, akaagiza afundishwe habari za Biblia. Caedmon alisikiliza, akawaza moyoni kama ng'ombe anavyocheua, kisha akatunga. Katika watunga mashairi wa Kiingereza ambao majina yao yanajulikana, yeye ni wa zamani kuliko wote.

Hilda aliugua homa kwa muda wa miaka 6, lakini hakuacha kumshukuru Mungu wala kufundisha. Alikufa tarehe 17 Novemba 680, akiwausia wenzake wakae kwa amani.

Wasikilizaji, haya ndiyo mafundisho yake. Kwanza, mtu mzima aweza kujifunza. Pili, kipawa hakiangalii cheo. Tatu, mwenye elimu ana wajibu wa kumsikiliza asiye nayo. Caedmon alitoka karamuni kwa aibu. Hilda alimpa nafasi. Basi mwenzenu akikwama katika kusoma, msimcheke. Mngojeni, amalize mstari wake.

MASWALI
1. Kwa nini Caedmon aliondoka karamuni?
2. Hilda alimpimaje?
3. Je, katika kijiji chenu yuko mtu mwenye kipawa ambaye hajapewa nafasi? Zungumzeni.