DHORUBA NDOGO YA JUA, SETILAITI 38 CHALI!

WASHIKAJI, mnajua kwamba jua linaweza kuangusha mtambo angani bila hata kuugusa? Hii si stori ya kijiweni. Februari 3, 2022, kampuni ya SpaceX ya Marekani ilirusha setilaiti 49 za Starlink, zile za kugawa intaneti. Kesho yake dhoruba ya jua ikabisha hodi. Setilaiti 38 zikashindwa kupanda, zikarudi chini na kuungua hewani. Kasheshe!

Cha ajabu, dhoruba yenyewe ilikuwa ndogo tu. Sasa ilikuwaje?

Mambo yako hivi. Jua hutema upepo wenye umeme. Upepo huo ukigongana na sumaku ya dunia, umeme humwagika kwenye hewa ya juu, hasa upande wa ncha za dunia. Hewa ikipata moto, inaumuka kama andazi kwenye mafuta. Ile nzito ya chini inapanda. Setilaiti zile zilikuwa zimeachiwa kilometa 210 hivi tu kutoka ardhini, basi zikajikuta zinapita kwenye hewa nzito na kasi ikakatwa.

Wataalamu wa NOAA, idara ya Marekani inayofuatilia bahari na anga, waliliigiza tukio lile kwenye kompyuta. Usidhani ni maigizo ya kwenye tivii, haya ni hesabu tupu. Anga hugawanywa kama vyumba vya ghorofa, kila chumba na joto lake, upepo wake na gesi zake. Kompyuta inauliza: chumba hiki kikipata moto, cha jirani kinakuwaje? Jibu lilionyesha kuwa kati ya kilometa 200 na 400, uzito wa hewa uliongezeka kwa asilimia 50 hadi 125. Si mchezo!

Wala usiseme hayatuhusu. Huko huko juu kuna tabaka lenye umeme, ayonosfia, lililokuwa likiwarudishia wazee wetu mawimbi mafupi ya redio usiku. Mawimbi ya GPS nayo hupita humo. Mei 2024 dhoruba kali ililivuruga, na wakulima wa Marekani wakasimamisha matrekta yanayoongozwa na GPS, tena msimu wa kupanda!

Tatizo ni muda. Vyombo vinavyopima upepo wa jua viko kilometa milioni 1.5 kutoka hapa. Dhoruba ikishavipita, mara nyingi haichukui hata saa moja kutufikia. Kabla ya hapo, kompyuta inalishwa makadirio, na ukiilisha pumba itakutolea pumba.

Hata hivyo somo limeeleweka. Baada ya hasara ile, SpaceX walianza kuziachia setilaiti zao juu zaidi. Mimi nasema hivi: kuanguka kwenye kompyuta hakumuumizi mtu, kuanguka angani ni dola zinateketea. Au mnasemaje, washikaji?