Kwa Nini Baba Haimbi Tena?

Kijana mmoja wa darasa langu aliniuliza: "Mwalimu, zamani baba alikunywa Primus moja akaimba mpaka nyumbani. Sasa anakunywa tatu na haimbi. Imekuwa namna gani?" Wenzake wakacheka. Mimi nikaenda kusoma kidogo.

Bia hiyo tunaijua wote, kiwanda chake cha Bralirwa kilianza hapa Gisenyi mwaka 1957, kando ya ziwa Kivu. Chupa kubwa ya sentilita 72 ina kama gramu 28 za alkoholi. Ini linamaliza kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, basi chupa tatu zinataka masaa 8 hadi 12. Kahawa, maziwa, kuoga maji baridi, hakuna kinachoharakisha. Mtu anaamka asubuhi anasema yuko mzima, kumbe bado anayo damuni.

Sasa kuhusu kuimba. Pombe inapunguza mwendo wa ubongo. Ubongo nao haukubali, unavuta upande wake, kama watoto wanaovutana kamba. Hata jioni ile ile moja, mtu anajisikia ameanza kupoa wakati pombe mwilini haijapungua sana. Akikunywa kila siku, ubongo unazoea kuvuta kwa nguvu, na ini pia linajifunza kuchoma haraka kidogo. Ndiyo maana chupa moja haimtoshi tena. Hata mahali panahesabika: aliyezoea kibanda kimoja hayumbi pale, lakini akikunywa kiasi kile kile ugenini anaweza kulewa zaidi.

Wababa wengi wanajisifu eti "pombe hainiwezi". Hapana. Kutoyumba si kupona. Ini, moyo na mfuko wa nyumba vinapokea zile chupa tatu zote. Ini likishaharibika, mambo yanageuka, glasi moja tu inamwangusha. Na kanyanga, mbali ya kukatazwa na sheria, hujui nguvu yake. Ikichanganywa na spiriti ya viwandani inaweza kupofusha au kuua, na hiyo hakuna mwili unaoizoea.

Nilimweleza yule kijana habari ya kamba. Akaniuliza: "Na pombe ikiachilia ghafla?"

Swali zuri kuliko la kwanza! Anayevuta peke yake anaanguka. Mtu aliyekunywa sana kila siku akiacha kwa mara moja, ndani ya siku mbili tatu anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kukosa usingizi, kuona vitu visivyokuwepo, hata kushikwa na kifafa. Wengine wanafariki. Siyo mapepo wala kulogwa. Kwa hiyo, wamama, msimfungie nyumbani ili aache. Apelekwe kwanza kituo cha afya, kuna dawa za kumshusha polepole. Na huko amtajie muganga idadi ya kweli ya chupa, si ile anayomwambia mama watoto.