Istilahi za Kinga na Usugu katika Nyaraka za Afya

Waraka wa afya huandikwa Dodoma au Dar es Salaam, lakini huenda kusomwa mbali. Chonyonyo, kata ya Wilaya ya Karagwe katika Mkoa wa Kagera, ni mfano mmoja. Wenyeji wengi wa huko huzungumza Kinyambo nyumbani. Mhudumu wa afya akisha kuusoma waraka kwa Kiswahili, aghalabu hana budi kuufafanua tena kwa lugha ya wasikilizaji wake. Hivyo istilahi hutafsiriwa mara mbili, na kosa dogo la mfasiri wa kwanza hukua kinywani mwa wa pili. Makala haya yanaeleza istilahi chache ambazo, zikitumiwa ovyo, zaweza kumdhuru mgonjwa.

Jina la ugonjwa

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wakati huo ugonjwa haukuwa na jina la kitaalamu katika Kiswahili. Watu wa Kagera waliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Huko Uganda uliitwa silimu, neno lililotokana na lile la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Jina la kwanza lilitaja biashara, la pili likataja umbo la mgonjwa. Hapana lililotaja kilichoharibika mwilini.

Istilahi UKIMWI ndiyo iliyofanya hivyo. Hapo awali kirefu chake kilikuwa Ukosefu wa Kinga Mwilini. Baadaye neno ukosefu liliachwa, na upungufu likashika nafasi yake. Ufupisho haukubadilika, lakini maana ilinyooka. Kinachokosekana hakipo kabisa. Kilichopungua kipo, na chaweza kuongezeka tena. Ndivyo ilivyo kwa kinga ya mtu atumiaye dawa ipasavyo.

Hapana budi pia kutenga UKIMWI na VVU, yaani virusi viuletavyo. Uchunguzi wa mwaka 1987 mkoani Kagera uliwakuta na maambukizi asilimia 24.2 ya watu wazima waliochunguzwa Bukoba Mjini, na katika kanda tatu za vijijini asilimia 10.0, 4.5 na 0.4. Hesabu hiyo ni ya VVU. Afisa anayeandika hapo "wagonjwa wa UKIMWI" huwahesabu kuwa wagonjwa hata watu ambao bado walikuwa na nguvu za kulima mashamba yao.

Chanjo na kingamwili

Neno chanjo latokana na kitenzi kuchanja, ingawa leo chanjo hutolewa pia kwa sindano au kwa matone mdomoni. Kazi yake ni kuufunza mwili kumtambua adui kabla hajaingia.

Mwaka 2007 wataalamu wa Muhimbili, Dar es Salaam, walianza jaribio lililoitwa HIVIS03 kwa watu 60 wenye afya waliojitolea. Miongoni mwa watafiti hao walikuwamo Maprofesa Muhammad Bakari, Fred Mhalu, Eligius Lyamuya na Said Aboud. Baadhi ya washiriki walipewa chanjo ya majaribio na wengine maji ya chumvi, ili matokeo yalinganishwe. Miili ya waliochanjwa iliitikia vizuri. Lakini kuitikia si kukingika: jaribio hilo lilikusudiwa kupima usalama na mwitikio wa mwili, si uwezo wa kuzuia maambukizi.

Tofauti hiyo ilidhihirika katika jaribio la PrEPVacc lililoanza mwaka 2020 huko Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban, likiwa na washiriki 1,512. Utoaji wa chanjo ulisimamishwa mwaka 2023, na matokeo ya mwaka 2024 yakaonyesha kwamba chanjo hizo hazikuzuia maambukizi. Hadi sasa hapana chanjo dhidi ya VVU iliyoidhinishwa. Kwa hiyo mfasiri asiandike "chanjo ya UKIMWI" pale inapokusudiwa chanjo ya majaribio. Msomaji ataamini kwamba aliyechanjwa amekwisha kusalimika.

Jambo jingine ni kingamwili, yaani chembechembe ambazo mwili huzitengeneza kupambana na kimelea. Vipimo vingi vya VVU hutafuta kingamwili, si virusi vyenyewe. Mshiriki wa jaribio aliyechanjwa anaweza kuwa na kingamwili pasipo kuwa na virusi. Cheti kikimwita "mwenye VVU", heshima yake, ndoa yake na hata kazi yake vimo hatarini kwa neno moja.

Usugu

Maprofesa Lyamuya na Aboud wamechunguza pia vimelea visivyosikia dawa. Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapoteleza zaidi.

Sugu kwa asili ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa, kama kiganja cha mshika jembe. Kwa kuwa sugu hiyo imo mwilini, msikilizaji hudhani kwamba mwili wa mgonjwa ndio uliozoea dawa. Sivyo. Kilichobadilika ni kimelea. Dawa ikinywewa kwa kurukaruka, vimelea dhaifu hufa, na vile ambavyo dawa haiviwezi husalia na kuzaana.

Madhara ya kosa hili si madogo. Anayedhani kwamba mwili wake ndio sugu huona ni shauri lake peke yake. Hajui kwamba kimelea sugu humhamia mtoto wake ambaye hajapata kuonja dawa hiyo. Uchunguzi uliofanywa Muhimbili mwaka 2001 hadi 2002 kwa watoto wenye maambukizi katika damu ulionyesha kwamba usugu wa bakteria huongeza vifo.

Zaidi ya hayo, neno sugu hubeba mizigo miwili. Husemwa "magonjwa sugu" kwa maana ya magonjwa ya kudumu, kama kisukari. Husemwa pia "kifua kikuu sugu" kwa maana ya kile kisichosikia dawa za kawaida. Nayo "usugu wa dawa" yaweza kueleweka kwamba dawa ndiyo sugu.

Mapendekezo

(a) Usugu wa vimelea dhidi ya dawa: litumike kikamilifu mara ya kwanza katika kila waraka, kisha ufupisho UVIDA.

(b) Kifua kikuu chenye vimelea sugu: badala ya kifua kikuu sugu.

(c) Magonjwa ya kudumu: badala ya magonjwa sugu.

(d) Chanjo ya majaribio: kwa chanjo yoyote ambayo haijaidhinishwa.

(e) Mwenye kingamwili na mwenye virusi: yasibadilishane.

Kabla ya kuukabidhi waraka, mfasiri na ajiulize: katika sentensi hii, ni nani aliye sugu? Ikiwa jibu ni mgonjwa, sentensi na iandikwe upya. Walimu nao waweza kulitumia swali hilo darasani, kwani mtoto aliyelielewa atalifafanua nyumbani kwa lugha ya wazazi wake.