Zenobia: Meli iliyozama bila kuua, ikaja kuua baadaye

FERI ya Zenobia ilikuwa katika safari yake ya kwanza ilipozama nje ya bandari ya Larnaca, nchini Cyprus, kabla ya mapambazuko ya Juni 7, 1980.

Ilikuwa imeng'oa nanga Malmö, Uswidi, mwezi mmoja awali ikielekea Tartous, Syria, ikiwa na zaidi ya malori 100 yaliyosheheni bidhaa. Njiani ikaanza kulala upande wa kushoto. Ilibainika kwamba pampu zilizoongozwa na kompyuta zilikuwa zikijaza maji kupita kiasi katika matangi ya farumi, yaani maji yanayoipa meli uzito wa kuituliza.

Wakuu wa bandari walihofia kwamba ingezama pale pale na kuziba njia ya meli nyingine. Ikavutwa hadi umbali wa takriban kilomita 1.5 kutoka ufuoni, na huko ndiko ilikozama. Hakuna aliyepoteza maisha.

Vifo vilikuja baadaye. Mabaki hayo ni miongoni mwa yale maarufu zaidi duniani kwa wapiga mbizi, na kadhaa kati yao wamefia humo.

Anayeitazama ramani huenda akashangaa, kwa kuwa meli haiko mbali na ufuo wala haiko katika kilindi cha kutisha. Imelalia ubavu wake wa kushoto juu ya mchanga ulio mita 42 chini, na ubavu wa kulia umeinuka hadi mita 16 hivi kutoka juu ya maji. Mwanagenzi mwenye cheti anaweza kuelea juu ya ubavu huo akaridhika. Ni hizo mita zilizobaki zinazohitaji mtu wa aina nyingine.

Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Hivyo, katika kina cha mita 40 mgandamizo ni mara tano ya ule wa nchi kavu, na kila pumzi humaliza hewa mara tano zaidi. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji atahitaji lita 100 huko chini. Mtungi wa kawaida wa lita 12, uliojazwa hadi baa 200, una lita 2,400. Utakauka kwa dakika 24, na hapo safari ya kurudi juu haijahesabiwa. Aliyeingiwa na hofu hupumua kwa kasi zaidi, na hesabu hiyo hupungua.

Naitrojeni nayo, ambayo nchi kavu haimdhuru mtu, kuanzia mita 30 hivi humlevya mpiga mbizi kama pombe. Aidha, huyeyuka mwilini, na akipanda haraka hugeuka mapovu yanayoweza kumpoozesha. Ndiyo maana jedwali moja linalotumiwa sana humruhusu mtu dakika 9 pekee katika mita 40.

Hayo ni ya nje ya meli. Ndani, sakafu imekuwa ukuta na mlango umekuwa shimo juu ya kichwa, hata macho yasijue wapi ni juu. Malori mengine yangali yakining'inia kwa minyororo iliyofungwa mwaka wa 1980, nayo kutu haijalala. Teke moja la kizembe hutimua tope laini, na tochi ikawa inamulika ukungu mtupu.

Kule Mombasa kuna MV Dania, iliyozamishwa makusudi mwaka wa 2002 katika kina cha takriban mita 30 ili iwe makao ya samaki na kivutio cha wapiga mbizi. Zenobia haikuandaliwa na yeyote. Ilizama na shehena yake yote.

Kwa sababu hiyo, wanaoijua huizunguka kwanza kwa nje, siku kadhaa. Anayeingia hufunga kamba mlangoni na kuifungua polepole nyuma yake, akiwa na tochi ya akiba na mwenzake karibu. Thuluthi moja ya hewa ni ya kuingilia, ya pili ya kutokea, na ya tatu haiguswi ila kwa dharura. Geji ikisoma baa 130 hivi, anageuka, hata kama lori alilokuja kulitazama liko mita tatu mbele yake.