Ajali ya Kazini Ina Kinga

Katika lugha yetu yako maneno ambayo hutamkwa kila mara mtu anapoumia: "Ajali haina kinga." Maneno haya yana nia njema. Humfariji aliyeumia pamoja na jamaa zake, na hutukumbusha kwamba binadamu hana uwezo juu ya kila jambo. Walakini yakitamkwa mahali pa kazi yaweza kuleta hasara, maana hulifunga swali ambalo lilipaswa kuulizwa, yaani: ni nini kilichosababisha? Katika makala hii nataka kuonyesha kwamba ajali nyingi za kazini zina kinga, na kwamba kinga hizo zina utaratibu wake.

Kwanza yafaa tujue kwamba kazi humdhuru mtu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya ghafula: mtu huanguka kutoka juu ya jengo, hukatwa na msumeno, au huvutwa na mashine. Njia ya pili ni ya polepole, nayo ndiyo inayosahauliwa, kwa kuwa haina kelele wala damu. Mfano wake ni vumbi la mawe. Mtu anapotoboa mwamba mgodini, au anapoponda kokoto, hutoka vumbi lenye silika. Chembe zake zilizo ndogo kabisa hazionekani kwa macho, nazo hupita puani na kufika ndani kabisa ya mapafu. Huko huacha makovu, na pafu lenye makovu haliwezi kutanuka vizuri. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Mara nyingi huonekana baada ya miaka 10 au zaidi, hauna dawa ya kuuponya, tena humfanya mtu ashikwe upesi na kifua kikuu.

Kadhalika kelele. Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti, navyo vikifa havioti tena. Wataalamu hushauri kwamba mtu asikae katika kelele ya zaidi ya desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Asiye na kipimo aweza kutumia njia rahisi: ikiwa hamna budi kupaza sauti ili msikilizane, nanyi mmesimama umbali wa mkono mmoja tu, basi kelele hiyo ni ya hatari.

Habari hizi si ngeni duniani. Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya magonjwa ya mafundi na wafanyakazi wa kila namna. Aliwashauri madaktari wenzake kwamba pamoja na maswali wanayomwuliza mgonjwa, waongeze hili: "Unafanya kazi gani?" Mpaka leo swali hilo lina maana. Mchimbaji anayekohoa akimwambia mganga habari za kikohozi tu, bila kutaja vumbi, aweza kutibiwa kwa muda mrefu huku akirudi kila asubuhi katika vumbi lile lile.

Sasa nieleze kinga zenyewe. Nitatumia mfano wa mashine ya kusaga unga, kwa sababu kila mmoja wetu amekwisha kutumwa huko na debe la mahindi. Katika mashine nyingi injini huunganishwa na kinu kwa mkanda mrefu unaozunguka juu ya magurudumu mawili. Gurudumu likizunguka mara 1,500 kwa dakika, maana yake ni mara 25 kwa kila sekunde. Mtu hawezi kuuwahi mkono wake, hata awe mwepesi namna gani. Kijijini kwetu kijana mmoja mwendesha mashine alivutwa mkono wa shati na mkanda uliokuwa wazi, akapoteza vidole vitatu. Watu walikusanyika, wakampeleka hospitali, wakasema ajali haina kinga. Baada ya siku mbili mashine ilikuwa ikisaga tena, na mkanda ulikuwa wazi vile vile.

Wataalamu wa usalama kazini hupanga kinga katika ngazi tano, kuanzia iliyo na nguvu kuliko zote. Ya kwanza ni kuiondoa hatari yenyewe: kwa mfano, kazi inayoweza kufanyiwa chini isifanyiwe juu ya ngazi. Ya pili ni kubadilisha: penye dawa kali ya kuua wadudu, itumike isiyo na sumu nyingi. Ya tatu ni kumtenga mtu na hatari. Hapa ndipo ulipo mkanda wa mashine: ufunikwe kwa kizuizi cha wavu wa chuma, kazi ambayo fundi wa kuchomelea wa sokoni aiweza kabisa. Mgodini, kinga ya ngazi hii ni kutoboa mwamba kwa maji, ili vumbi lilowane kabla ya kuruka. Ya nne ni taratibu za kazi: kuzima injini kabla ya kurudisha mkanda uliotoka, kumfundisha mgeni kabla ya kumwachia mashine, na kupokezana ili mtu asichoke kupita kiasi. Ya tano, tena ya mwisho, ni mavazi ya kujikinga: kofia ngumu, buti, glavu, miwani na barakoa.

Wengi hushangaa kuona mavazi yamewekwa mwisho. Sababu yake ni hii. Kizuizi cha wavu hufanya kazi yake hata kama mfanyakazi amechoka, ana mawazo au ni mgeni. Barakoa yahitaji ivaliwe kila saa, imkae vema usoni, tena iwe ya namna ifaayo. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi la silika. Tena glavu karibu na mkanda unaozunguka yaweza kunaswa na kuuvuta mkono. Kwa hiyo mwajiri aliyegawa kofia na glavu, akaacha mkanda wazi, ameanzia mwisho.

Sheria yetu nayo yasema. Tanganyika ilikuwa na Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950. Mahali pake sasa ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, nayo husimamiwa na wakala wa serikali uitwao OSHA. Sheria hii humtaka mwajiri kuweka vizuizi penye sehemu za hatari za mashine, kuwapatia wafanyakazi vifaa vya kujikinga, na kuhakikisha kwamba wanapimwa afya kwa ajili ya kazi yao. Mfanyakazi naye ana wajibu wa kufuata maagizo ya usalama na kutoa habari aonapo hatari. Kama ameumia au ameugua kwa ajili ya kazi, uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Michango ya mfuko huo hutolewa na mwajiri. Mfanyakazi hakatwi kitu katika mshahara wake. Na mwaka 2022 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani uliamua kwamba mahali pa kazi palipo salama ni mojawapo ya haki za msingi za mfanyakazi.

Walakini sheria haitembei kwa miguu yake. Yule kijana wa kijijini kwetu hakuwa na mkataba, wala hakujua kwamba kuna mfuko wa fidia, wala hakuna aliyemwambia. Alirudi kwa wazazi wake na mkono wenye vidole viwili.

Wenzangu wa kidato cha nne, miezi michache ijayo baadhi yetu tutaendelea na masomo, na wengine tutaingia kazini: viwandani, migodini, mashambani na penye majengo. Siku ya kwanza ya kazi mtu huona haya kuuliza, akihofu kuitwa mwoga. Nawasihi tuulize. Mashine hii huzimwaje? Kizuizi chake kiko wapi? Vumbi hili ni la nini? Mkataba wangu uko wapi? Na mtu akiumia karibu nasi, tumpe pole kwa moyo wote, tumfikishe hospitali, kisha turudi tukaitazame ile mashine.