Kuchagua Chuo cha Sheria Kabla ya Kujua Utafanya Kazi Gani

Kila matokeo ya KCSE yanapotoka, kuna familia Mombasa zinazokabiliwa na swali gumu. Kijana ana alama za kusomea sheria, lakini hajui kama anataka kuwa wakili. Achague chuo kipi? Uamuzi huu si mdogo. Shahada ya sheria huchukua miaka minne, na karo ikishalipwa hairudi.

Habari njema ni kwamba mwanafunzi halazimiki kuamua mapema. Sheria ya Elimu ya Sheria ya mwaka 2012 imeweka masomo 16 ya lazima, yakiwemo mikataba, jinai, katiba, ardhi, familia na mirathi, biashara, ushahidi na sheria za kazi. Msingi ni huo huo, iwe chuo ni cha umma au cha kibinafsi. Kwa hivyo kwa asiyejua aendako, chuo bora ni kile kisichomfungia mlango wowote.

Leseni kwanza

Vyuo vinavyofundisha sheria nchini hupewa leseni na Baraza la Elimu ya Sheria. Kabla ya kulipa chochote, hakikisha chuo kimo kwenye orodha ya Baraza, na kwamba leseni bado ni halali kwa kampasi utakayosomea. Anayefikiria chuo cha nje, hata cha jirani kama Tanzania au Uganda, aulize mapema jinsi shahada hiyo itakavyotambuliwa Kenya.

Shahada pekee haikufanyi wakili

Anayetaka uwakili huendelea na mafunzo katika Chuo cha Sheria cha Kenya, KSL, kilichoko Karen, Nairobi. Hufanya mitihani ya Baraza na uanagenzi wa miezi sita chini ya wakili mwenye uzoefu. Sheria ya KSL ya mwaka 2012 inataja wastani wa C+ katika KCSE, pamoja na B katika Kiingereza au Kiswahili. Masharti hayo yanamhusu nani hasa, ni swali ambalo limefikishwa mahakamani zaidi ya mara moja. Mwenye alama za chini, au aliyepitia stashahada, aiandikie KSL sasa na kuhifadhi jibu, asingoje hadi mwaka wa nne.

Kazi ziko nyingi kisiwani

Uhakimu na uendeshaji wa mashtaka huhitaji mtu aliyekwisha kuwa wakili. Lakini bandari ya Kilindini ina kampuni za meli, bima na uondoshaji mizigo zinazohitaji watu wanaoelewa mikataba, bila lazima wawe mawakili. Kwa kijana wa Mji wa Kale anayevutiwa na Mahakama ya Kadhi, Ibara ya 170 ya Katiba inataka Kadhi awe Mwislamu mwenye ujuzi wa sheria za Kiislamu. Elimu ya dini aliyoanza nayo madrasa ina uzito wake hapo, na hapaswi kuiacha kwa sababu ya chuo. Kuna pia wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016. Stashahada huweza kumfikisha huko kwa gharama ndogo.

Maswali ya kuuliza chuo

• Karo yote ya miaka minne ni kiasi gani, pamoja na ada za mitihani?
• Je, kuna masomo ya hiari ya sheria za bahari, kodi au sheria za Kiislamu, na yanafundishwa kweli kila mwaka?
• Wanafunzi hufanya mazoezi ya vitendo wapi?
• Wahitimu wangapi wa hivi karibuni wamepokewa KSL?

Kumbuka pia chakula, kodi ya nyumba na nauli. Anayesomea mbali hulipa vyote hivyo, na baada ya shahada huenda bado akahitaji pesa za Karen. Mikopo ya HELB husaidia, lakini mkopo hulipwa.

Kabla ya kujaza fomu ya KUCCPS, kijana atenge asubuhi moja aingie mahakamani Mombasa asikilize kesi. Mahakama nyingi huwa wazi kwa umma. Kisha azungumze na mtu wa bandarini na mtu wa afisi ya sheria. Gharama yake ni nauli ya matatu tu, na huenda ikamwokoa miaka minne.